Nyuki wa Karatasi ya Mkate

Juzi tulipomzika Syombua, mchungaji kijana alishika maikrofoni akasema, "Tunamshukuru pia dada wa kazi aliyemtunza mama yetu mpaka mwisho," akaninyooshea mkono, na watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa kwa kiti cha plastiki, miguu imevimba ndani ya viatu vipya alivyoninunulia binti yangu Ndanu. Nikainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru. Si kwamba sikusikia. Lakini mtu aliyemgeuza mgonjwa kitandani, akamlisha uji kwa kijiko, akafua shuka asubuhi na kuzifua tena jioni, hana nguvu za kusimama kando ya kaburi abishane na kijana aliyeletwa kanisani kwetu mwaka huu. Ndanu alitaka kusimama. Nikamshika nguo. Nikamwambia, "Kaa. Jua ni kali." Akakaa, lakini shingo yake ilikuwa imevimba kama ya kobra.

Sasa wageni wameenda, sufuria za kukodi zimerudishwa, na nyumba inanuka moshi na pilau ya jana. Nilitaka kuvua viatu nilale tu. Ndipo Mutheu, kitinda mimba wa Ndanu, akaja na makasi na uso wa mtu mwenye kesi. "Susu," akasema, maana ndivyo wajukuu wa Kikamba wanavyowaita nyanya zao, "mwalimu anataka wadudu." Nikamuuliza wadudu gani, nyumba hii imejaa siafu, achukue tu. "Wa karatasi. Na mahali wanaishi. Tupeleke Jumatatu." Shule za siku hizi ni hivyo: mtoto anapewa kazi, na mzazi ndiye anayefanya. Mama yake amelala kama gogo, na mimi ndiye niliyebaki na macho wazi. Nikamwambia alete boksi ya vile viatu vyangu vya mazishi, kwa sababu ndani yake kuna karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, na mabawa yanataka karatasi kama hiyo. Akashangaa. "Susu, kwani unajua?" Kisha, kabla sijajibu, akaniuliza lile lililokuwa limemkaa kooni tangu juzi: "Mbona pasta alisema wewe ni dada wa kazi?"

Nikamwambia, "Kata karatasi kwanza."

Mwaka huo ninaoukumbuka nilikuwa msichana bado, ingawa nilikuwa na Ndanu, na Ndanu alikuwa ameshaanza kuuliza maswali. Nilikuwa napika uji katika shule ya watoto wadogo hapa Machakos, chumba kimoja nyuma ya kanisa, chini ya mabati, na dirisha moja ambalo lilifungwa kwa gunia upepo ukizidi. Watoto walikalia benchi za kanisa zilizovunjika migongo. Jikoni palikuwa ni mawe matatu chini ya kipande cha bati nje ya mlango, kwa hivyo nilisikia kila kitu kilichosemwa darasani, na darasa lilisikia kila kitu kilichosemwa jikoni. Mwalimu Rhoda alikuwa na mimba iliyomsumbua vibaya. Angeandika herufi moja ubaoni, alaze kichwa mezani, aseme, "Mama Ndanu, nishikie hawa kidogo." Hicho kidogo kiliendelea mpaka kengele. Mimi niliishia darasa la nne. Nilichojua kufundisha ni kunyamaza na kunawa mikono, na kunyamaza hawakujifunza.

Wadudu walianza na mvua. Mvua ya kwanza ilipopiga, kumbikumbi walitoka ardhini nyuma ya choo kama moshi, na watoto wote wakatoka mbio, wanakamata, wanakula wabichi, mafuta yanawatoka mdomoni. Sikuwazuia, nami nilikula. Wakarudi ndani na sakafu ikajaa mabawa. Mtoto mmoja akaokota mabawa yake, akaniletea kwenye kiganja, akaanza kulia eti nimrudishie mdudu wake. Mdudu mwenyewe alikuwa amemla! Nikamwambia, "Wewe, huyo yuko tumboni, tutamtoa namna gani?" Akazidi kulia. Basi nikachukua kipande cha mfuko wa sukari, ile khaki, nikakisokota nikapata kiwiliwili, nikabandika yale mabawa kwa uji wa ngano uliobaki chini ya sufuria. Akanyamaza. Wenzake wote wakapanga foleni.

Tangu siku hiyo sikupata kupumzika. Kila karatasi ya Machakos niliiona kama mdudu. Mfuko wa unga ulikuwa panzi, kwa sababu ni mgumu na ukikunjwa goti linasimama. Karatasi ya kufungia misumari dukani, ile ya samawati, ilikuwa kipepeo. Mende tulimpaka masizi ya sufuria. Na nyuki, ambao watoto waliwapenda kuliko wote, tulikata mabawa yao kwa karatasi ya mkate, ile ya zamani iliyokuwa na nta. Ukiishika juani, mwanga unapita kama unavyopita kwenye bawa la kweli. Miguu tulivunja njiti za ufagio. Gundi ilikuwa unga wa ngano, na ilibidi nipike mara mbili, moja ya kubandika na moja ya kulambwa, kwa sababu wangelamba tu. Jioni nilirudi kwa chumba changu cha kukodi vidole vimegandana, Ndanu mgongoni amelala na nyuki kwenye nywele. Nilichoka wakati huo pia. Lakini kulikuwa na uchovu ambao ukilala unaisha. Huu wa sasa nikilala naamka nao.

Syombua alikuwa akipita kwetu siku za soko. Alikuwa mama mtu mzima, mjane, mrefu, mkavu kama mti wa mugaa, na alibeba asali kwa pipa dogo la mbao lenye kifuniko cha ngozi. Tulimwita Mwaitu, kama mtu anavyomwita mama yake mzazi, ingawa hakuwa amezaa. Angeweka pipa chini, akae kwa jiwe langu la nne, lile la kukalia, anyooshe miguu, amwite Ndanu, amtilie asali kwenye ncha ya kidole. Hakusema mengi. Alikuwa anatazama tu jinsi ninavyowafuta watoto wa watu makamasi. Akiondoka, wale wamama waliokuja kusubiri watoto wangeanza. "Maskini, nyumba yake imefungwa." "Mzee Kilonzo ameshapima hilo shamba kwa miguu, nilimwona juzi akihesabu miti ya mizinga." "Atafanya nini? Mume alikufa, mtoto hakuna. Mizinga ya ndugu yake ataichukua nani kama si yeye?" Mzee Kilonzo alikuwa shemeji yake Syombua, na mjukuu wake Wayua alikuwa kwa darasa letu, msichana mwenye mdomo kama wa susu yake.

Mwisho wa muhula Mwalimu Rhoda akataka siku ya wazazi. Akasema, "Mama Ndanu, hawa nyuki tuwatengenezee mizinga. Na kila mtoto aulize nyumbani alama ya mizinga ya ukoo wao." Likawa jambo zuri sana kwa kila mtu isipokuwa mimi. Kwetu Ukambani mzinga haukai bure mtini. Umechomwa alama ya ukoo kwa chuma cha moto, na alama hiyo ndiyo inayosema huu ni wa nani, na anayevuna mzinga wenye alama ya mwingine, hilo si jambo la kusuluhisha kwa chai. Tukakunja mizinga kwa karatasi ya mfuko wa simiti, ngumu, mviringo, tukaweka vifuniko pande zote mbili na kitundu cha nyuki. Watoto wakaja na alama zao, wengine wamechorewa na baba kwenye mkono kwa kalamu. Ndanu hakuwa na ya kuchora. Baba yangu alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mtoto aliyeokotwa barabarani hatabeba alama yake. Na huyo aliyenipa Ndanu alikuwa dereva wa lori la kahawa upande wa Kangundo, alisema atarudi mvua ikiisha. Mvua iliisha. Ikanyesha nyingine.

Kwa hivyo nikauacha mzinga wa Ndanu bila alama. Nikafikiri hakuna atakayeona. Nilikuwa nje nakoroga uji nikasikia Wayua darasani, sauti yake nyembamba kama sindano: "Susu yangu anasema mzinga bila alama asali yake ni ya mtu yeyote anayepita." Wale wamama waliokaa karibu nami wakacheka. Halafu wakakumbuka niko hapo, wakaanza kukohoa. Mtoto hakujua anachosema. Wao walijua. Nilikuwa na mwiko mkononi, na namshukuru Mungu uji ulikuwa mzito na mwiko haukutoka haraka.

Siku ya wazazi tulikuwa tumewatundika wadudu wote kwa kamba za mkonge kutoka kwenye mbao za paa. Mlango ukifunguliwa upepo unaingia, panzi wanarukaruka, vipepeo wanazunguka, na nyuki wanapigana vichwa na mizinga. Wazee waliingia na kofia mikononi, wakainua shingo, wakawa wanasoma alama kama watu wanaosoma majina ya jamaa zao. "Aa, hii yetu." "Hiyo ni ya kina Mutua." Walifurahi sana, hata wale waliokuja kwa kulazimishwa. Mzee Kilonzo akazunguka na fimbo yake, akaipata ya Wayua, akatikisa kichwa. Akaendelea. Akasimama. Akarudi nyuma hatua moja. "Na huu?" akauliza. "Alama ni yetu. Wa nani huu?"

Ndanu akainua mkono kama alivyofundishwa. "Ni wangu."

"Nani alikupa alama yetu wewe?"

"Nimeona kwa asali," akasema, na akaonyesha mlangoni, ambapo Syombua alikuwa amesimama na pipa lake. Mtoto alikuwa amekaa siku nyingi anaangalia ile alama iliyochomwa ubavuni mwa pipa, na siku hiyo asubuhi, wakati nimeenda kuteka maji, alichukua kipande cha makaa akaichora, mstari na mikono miwili iliyoinama, vizuri kuliko watoto wenye baba. Mimi mwenyewe sikuwa nimeona. Kwa Ndanu ilikuwa tu alama ya kitu kitamu. Kwa wazee waliokuwa pale, ilikuwa kama amesimama na kudai shamba.

Karatasi zikagongana juu. Mzee Kilonzo akanigeukia. "Mama Ndanu, tuambie basi. Mtoto ameiba, ama wewe ndiye una habari ya kutupa? Ndugu yangu amekufa zamani, na mimi sijakugusa. Sasa ni nani kati yetu?" Watu wakacheka, wanaume kwa nguvu, wanawake ndani ya leso. Akainua fimbo auangushe mzinga.

"Wacha huo," Syombua akasema. Hakupaza sauti. "Uko na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mimi. Huyu mama ni iweto wangu. Nimemwoa. Mtoto ni wa nyumba yangu na ya ndugu yako."

Mutheu aliinua kichwa hapo, kama wewe unayesoma labda unavyoinua, akauliza mwanamke anamwoaje mwanamke. Nikamweleza. Kwetu mama aliyekosa mtoto anaweza kumwoa mwanamke mwenzake, si mambo ya kitandani, ni mambo ya nyumba. Anapeleka mbuzi kwa wazazi wa yule msichana kama mume mwingine yeyote. Yule msichana ndiye anaitwa iweto. Watoto wake, awazae na nani, ni wa nyumba ile, wanabeba jina la mume wa yule mama hata kama alishaoza kaburini zamani, na nyumba inabaki wazi. "Sawa," Mutheu akasema, akarudi kukata bawa. Watoto wanaelewa haraka. Wakubwa ndio wagumu.

Mzee Kilonzo hakuelewa haraka. "Umemwoa lini? Mbona sisi ukoo hatujaambiwa?"

"Na wewe ulipomwoa yule wako wa pili," Syombua akasema, "uliniambia lini?"

Chumba kizima kikaanguka kwa kicheko, na safari hii kilikuwa cha kumcheka yeye. Fimbo ikashuka. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria, naungua vidole, nimeolewa mbele ya watu na hakuna aliyeniuliza.

Walipoondoka nilimfuata pale kwenye mawe. Nilikuwa nimekasirika. Nikamwambia, "Mwaitu, mimi si mbuzi."

"Najua. Mbuzi nitampelekea baba yako."

"Hukuniuliza!"

"Ningekuuliza mbele ya yule mtu ungesema unafikiria, na ukiwa unafikiria, mzinga wa mtoto ungekuwa chini." Akapangusa kifuniko cha pipa na kanga. "Sasa ndiyo nakuuliza. Ukikataa, siku ya soko nitawaambia wote nilidanganya. Wanicheke. Mimi nimezoea."

Sikumjibu siku hiyo. Nilimwacha asubiri, na mwaka ukaenda ukiisha. Watu walifikiri nasubiri lori la kahawa. Kweli, kidogo nilikuwa nasubiri. Kila lori likipanda barabara ya Kangundo, shingo yangu iligeuka yenyewe. Kuwa iweto si aibu, lakini ni kufunga mlango mmoja kwa mkono wako: hutaitwa bibi ya mwanamume aliyekuchagua. Nilikuwa msichana. Nilitaka kuchaguliwa na mtu mwenye ndevu.

Jumapili moja Syombua akaniita kwake, chini ya vilima vya Iveti. Akanipikia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na kunde, akanipa sahani kubwa, Ndanu akala mpaka akalala na kijiko mkononi. Chumba kilikuwa safi na tupu. Kitanda cha marehemu kilikuwa kimetandikwa, hakuna anayekilalia, na ukutani kulikuwa na kamba yake ya kupandia mizinga, imekauka mpaka ikawa kama mfupa. Nikamuuliza anataka nini hasa kwangu, aniambie bila kuzunguka. Akasema, "Sitaki mtu wa kunifulia. Nguo nafua. Nataka mtoto akiulizwa yeye ni wa wapi, aseme ni wa kwa Syombua."

Nikamtazama Ndanu na kile kijiko. Nikasema, "Basi kuwe na mzinga wa kweli. Wa Ndanu."

"Wasichana hawapandi mizinga."

"Sijasema apande. Nimesema awe nao."

Akacheka mara ya kwanza tangu nimjue, meno yote nje. "Na ulisema wewe si mbuzi," akasema. "Wewe ni nyuki." Kabla ya mvua iliyofuata, fundi alichonga mzinga, ukachomwa ile alama, ukapandishwa kwa mugaa kando ya mto, na Ndanu alisimama chini akielekeza kama mkandarasi. Mbuzi za ntheo, zile zinazofunga ndoa, zilifika kwa baba yangu. Yule yule aliyesema mtoto ameokotwa barabarani alikula nyama, akafuta mdomo, akasema yeye alijua tangu mwanzo.

Lori halikurudi, na kama lilirudi, halikuuliza. Ndanu alipata wadogo zake, na wote wanaitwa kwa jina la mzee ambaye sikuwahi kumwona. Sitasema ilikuwa asali yote. Tuligombana na Syombua kwa miaka, kuhusu chumvi, kuhusu kanisa, kuhusu wanaume niliowaleta na wale aliowafukuza. Na yule aliyesema hataki mtu wa kumfulia, nilimfulia. Mwishoni akili zilimtoka, akawa ananiita kwa jina la dada yake, ananifukuza chumbani eti nimekuja kuiba, halafu nikitoka analia nirudi. Wale wadudu wa karatasi tulikuwa tumewaweka kwa boksi darini, mchwa wakawala wote, wadudu wa kweli wakala wale wa uongo, hakikubaki hata bawa. Juzi, Ndanu ndiye aliyetupa udongo wa kwanza, mahali pa mwana wa nyumba, na wajukuu wa Mzee Kilonzo walimpisha bila neno. Hilo niliona kwa macho yangu. Kwa hivyo lile lililokuwa la kufanywa lilifanyika. Labda ndiyo maana sikuwa na nguvu za kujipigania mimi. Zote zilikuwa zimeenda huko.

Mutheu alikuwa amemaliza nyuki. Mabawa ya karatasi ya viatu si mabaya, ingawa hayana nta. Akakunja mzinga, akachora ile alama bila kuniuliza, maana anaijua, iko kwenye mizinga ya mama yake. Kisha akaniangalia kwa ule uso wake wa kesi.

"Susu, ulipokuja hapa, kweli mbuzi zilipelekwa kwenu?"

"Zilipelekwa. Baba yangu wewe hukumjua, lakini alikula maini."

Akabandika nyuki wa mwisho mlangoni mwa mzinga, akapuliza gundi ikauke. "Basi Jumapili nitamwambia pasta," akasema. "Dada wa kazi haletewi mbuzi kwao."

Nikamwambia amwambie. Mimi nikavua viatu.